Matawi ya Kona ya Bikira

Jumapili ile ilianza vizuri, ndugu zangu, na hilo ndilo linaloniuma kila nikiikumbuka. Ukungu ulikuwa umeondoka mapema bondeni, lami imekauka, na kwenye Kona ya Bikira, pale barabara ya mlimani inapojikunja mbele ya sanamu ya Mama Maria, Doña Rubiela alikuwa ameshawasha jiko lake la arepa, vile vimkate vya mahindi. Yolima amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anafuta lenzi kwa upindo wa shati huku akiimba kwa sauti ya chini. Hakuwa na neno na mtu.

Kazi ya Yolima mnaijua. Kila Jumapili waendesha pikipiki hupanda mlima kujifurahisha, naye huwapiga picha wakikata kona, pikipiki imelala, goti linakaribia kugusa lami. Jioni wanazitafuta picha zao kwenye simu, wananunua, wanajigamba. Yolima ana jicho, tusimnyime haki yake. Anajua uso ukae wapi, mlima ubaki kiasi gani nyuma, kivuli kiangukie upande gani. Na alikuwa na ishara moja ambayo kila mwendeshaji aliijua: akiinua mkono juu, maana yake nimekuona, laza zaidi.

"Siku hizi hawaendeshi wafike," Doña Rubiela alizoea kusema akigeuza arepa. "Wanaendesha wapigwe picha."

"Na wakishapigwa wanakuja kula arepa zako," Yolima alimjibu. "Mbona hapo hulalamiki?"

Nasi tusijitoe. Ni sisi tuliokuwa tukiandika chini ya picha zile: nzuri, lakini mbona huyu hajalala? Huyu kaka anakwenda kwa wakwe? Yolima aliyasoma yote. Kidogo kidogo akaanza kuwataka walale zaidi. Kijana mmoja alipoanguka na kuchubuka kiwiko mwezi wa nne, alimpeleka kwa Doña Rubiela akaoshwe kidonda, kisha akaiweka picha yake mbele ya nyingine zote. Sifa zikamiminika.

Jumapili hiyo, lakini, haikuwa ya wateja. Ilikuwa ya binti yake Maryori, ambaye Jumamosi inayofuata angetimiza miaka kumi na tano. Huku kwetu siku hiyo si ndogo. Kuna ukumbi, keki, ndugu kutoka kila bonde, na picha kubwa ya msichana mlangoni. Kabla ya dansi ya kwanza baba hupiga magoti, akamvua bintiye viatu bapa na kumvika vya kisigino mbele ya watu wote. Viatu vilikuwa vimeshanunuliwa, vyeupe, viko ndani ya boksi juu ya kabati. Kilichobaki ni picha tu. Maryori alitaka awe nyuma ya baba yake kwenye pikipiki, kwenye kona ya mama yake.

Tatizo lilikuwa Arley, mume wa Yolima. Wiki nzima anasambaza maziwa kwa gari, na hata akipanda pikipiki anaiendesha kama bado amebeba maziwa.

"Mwaka jana ulipompakia mtoto ulikaa wima kama padri," Yolima alimwambia asubuhi ile wakinywa chokoleti. "Mara hii laza, Arley. Kwa ajili ya mtoto."

"Nikiwa na mtoto nyuma ndiyo nilaze?"

"Baba, usiniaibishe," Maryori akadakia. "Wenzangu wote wataiona!"

Arley akacheka. "Haya, mmenishinda. Nikiuona mkono wa mama yako juu, nitalaza."

Sasa Yolima, pale kwenye ndoo yake, akaweka jicho kwenye kamera ili aipange picha ya mwanawe. Hakupenda alichokiona. Mdomoni mwa kona, upande wa kupandia, kulikuwa na matawi saba au manane yaliyotandazwa barabarani, majani yake bado mabichi. Kila dereva anajua maana yake: mbele kuna gari bovu, punguza mwendo. Na kila dereva anajua pia kwamba gari likishapona, mwenyewe huondoka na kuyaacha matawi yaoze palepale. Yolima akaenda mpaka ng'ambo ya kona. Hakuna gari. Akarudi, akaanza kuyakokota.

"Hayo yaache," Doña Rubiela akamwambia.

"Lile lori bovu si limeondoka? Umeniambia mwenyewe uliliona alfajiri."

"Nililiona likiondoka. Sikuona limeacha nini."

"Limeacha takataka, Doña, na takataka zinaniharibia picha ya mwanangu."

Doña Rubiela akabetua midomo, akarudi kwenye jiko. Hakubishana tena, na mpaka leo anajilaumu kwa hilo. Yolima aliyabeba matawi mafungu mawili, akayatupa nje ya kingo ya chuma, yakaporomoka bondeni. Akatazama tena kwenye kamera. Barabara safi, mlima wa kijani, Bikira pembeni. Akatabasamu.

Simu ikalia. Maryori alikuwa ameandika: "Mama, tumeshajaza mafuta. Dakika kumi."

Wapiga picha wa kona huweka alama ya chaki kwenye lami, wakailenga lenzi hapo mapema, pikipiki ikifika wanabonyeza tu. Yolima akachukua chaki, akaenda katikati ya kona, akainama. Mguu ukateleza. Akajishika kwa kiganja, na kiganja kikarudi kinameremeta. Akanusa.

Dizeli. Lori lilikuwa limevujisha njia nzima ya kona, na kwenye lami nyeusi iliyofunikwa na kivuli cha mlima usingeiona hata ungekuwa na macho manne. Matawi hayakuwa ya lori. Yalikuwa ya dizeli.

Akampigia Arley simu. Ikaita, ikaita, hakuna wa kupokea. Akakimbilia kwenye kingo kuyatafuta matawi, akayaona chini kabisa, mbali na mkono wa binadamu yeyote. Na hapo akausikia mngurumo ukipanda. Aliujua kama mtu anavyoujua mwendo wa mumewe uani.

Akakimbia kuteremka mpaka mdomoni mwa kona. Akawaona, helmeti nyekundu mbele, nyeupe nyuma. Akainua mikono yote miwili, akaipunga, akapiga kelele mpaka koo likawaka: "Simama! Arley, simama!"

Nani atasikia, ndani ya helmeti, juu ya injini? Waliona mkono tu. Maryori akainua wake, akampungia mama yake kwa furaha, kisha akampiga baba yake begani. Hapo ndipo Yolima alipoelewa mikono yake inasema nini. Akaishusha haraka, lakini Arley alikuwa ameshampita, na alikuwa ameshalaza. Alilaza vizuri kuliko siku zote, kama alivyoombwa.

Gurudumu la nyuma lilikimbia peke yake. Pikipiki ikaserereka kwa ubavu mpaka kwenye kingo ya chuma, na mguu wa Maryori ulikuwa katikati.

Waendeshaji wengine walikuwa nyuma yao. Doña Rubiela ndiye aliyewaokoa. Aliivuta meza yake katikati ya barabara, arepa zikamwagika, kisha akachukua majivu ya jikoni akayamwaga juu ya dizeli. Yolima hakuona lolote kati ya hayo. Alikuwa amepiga magoti kando ya mwanawe, kamera bado inaning'inia shingoni na kugonga lami kila alipoinama.

Hospitalini madaktari walijaribu siku mbili. Siku ya tatu waliukata mguu chini ya goti.

Jumamosi ilifika. Arley, mkono mmoja umefungwa shingoni, alileta lile boksi kwa sababu Maryori aliliomba. Akapiga magoti kando ya kitanda. Akamvua soksi ya hospitali, akamvika kiatu cheupe cha kisigino. Kisha akabaki na boksi mapajani, hajui akifanyie nini kiatu cha pili.

Yolima alikuwa amesimama mlangoni, hawezi kuingia.

"Mama, usilie," Maryori akamwambia. "Ni mimi. Nilipouona mkono wako, ni mimi niliyemwambia Baba alaze."

Mtoto alikuwa akijilaumu. Yolima akafungua mdomo amwambie kuhusu matawi, na alimwambia, ndugu zangu, yote, mpaka mwisho. Maryori alimsikiliza, kisha akageukia ukutani.

FUNZO

Mwenye kuondoa onyo ili mambo yapendeze hajaiondoa hatari; ameificha tu kwa wanaokuja. Ukikuta matawi barabarani, uliza yamewekewa nini kabla hujayagusa, hata kama unaharakisha, hata kama yanakuharibia kitu unachokipenda sana.

Nasi tunaokaa na simu zetu tukiwacheka wanaoendesha wima, tuache. Arley, yule "padri" aliyekaa wima mwaka jana, alimfikisha mwanawe nyumbani na miguu yote miwili.