Gundi Yenye Madonge

Kila asubuhi ya likizo, binti mmoja alifagia karakana ya shangazi yake huku amekunja pua. Nyumbani walimwita Chefuchefu, maana hakuna kitu kisichomtia kinyaa: utando wa maziwa, nywele kwenye kitana, hata sauti ya mtu akitafuna. Na karakana ile ilinuka gundi kila pembe.

Shangazi alikuwa mhandisi. Alitengeneza mabawa ya ndege ndogo zisizo na rubani, zinazopeleka dawa kwenye zahanati za mbali. Mabawa hayo yalikuwa vitambaa vya nyuzi ngumu vilivyogandishwa kwa gundi. Yalikuwa mepesi, lakini upepo ukiyapiga yalitetemeka mpaka yakapata nyufa.

"Dawa yake ni hii," shangazi alisema, akimsogezea kopo la gundi aliyokwisha kuitia unga wa kaboni. "Chembe zake ni ndogo mno, jicho haliwezi kuziona mojamoja. Zikitawanyika vizuri, bawa likitikisika zinasuguana na gundi, na mtikisiko unaishia humo humo. Vaa barakoa na glavu, ukoroge mpaka nikuite."

Chefuchefu alichungulia. Uji mweusi, mzito, unaovutika kama makamasi. Alikoroga kidogo tu, tone likamrukia kwenye shati, likaning'inia. Akaacha mwiko, akaenda dirishani kuvuta hewa. Alipoitwa, akajibu, "Tayari, shangazi. Nimekoroga."

Kaka yake, ambaye naye alisaidia kazi karakanani, aliipaka ile gundi kwenye vitambaa, akaoka kipande cha majaribio kwenye tanuri. Kesho yake shangazi alikibana mezani, akakigonga. Kikatetemeka kama mtu mwenye homa, wala hakikutulia.

"Uliharakisha tanuri," shangazi alimwambia kaka. "Bawa la hivi likivunjika angani, mgonjwa atapata wapi dawa? Tanuri usiliguse tena."

"Sikuharakisha, shangazi," kaka alisema kwa sauti ya chini.

Chefuchefu alihisi kichefuchefu kikipanda, na safari hii hakikutoka kwenye kopo. Alijiona yeye ndiye uchafu.

"Si kaka," alisema. "Ni mimi. Niliona kinyaa, nikaacha kukoroga."

Shangazi alikata kile kipande kwa msumeno. Ndani, madonge meusi yalikuwa yamerundikana kama mavi ya panya. Akamwomba kaka radhi, kisha akaleta kopo jingine.

Chefuchefu alikoroga. Mara moja alitoka nje kutema mate, akarudi. Akaendelea mpaka mkono ukafa ganzi na gundi ikawa laini, haina donge hata moja. Kaka akaoka kipande kipya; kilipogongwa, kilitikisika kidogo, kikatulia.

"Ungesema mapema," kaka alimwambia, "nisingeokwa mimi."

Shangazi alicheka, kisha akamgeukia binti. "Kuona kinyaa si kosa, mwanangu. Gundi hii inanichefua mimi mpaka leo. Ungeniambia, tungepokezana mwiko. Kosa ni kusema kazi imekwisha wakati hujaimaliza, halafu ukanyamaza mwenzako akibeba lawama. Gundi kwenye shati tutaisugua itoke. Uongo wako ungepanda na bawa hadi angani."