Mtungi wa Kiti cha Nyuma

Prado nyeusi ilikata kona, matairi yakilia. Sindano aliifuata na Yamaha yake, kifua juu ya tangi.

Redio ikakoroma sikioni.

"Usifyatue ovyo. Mtungi ukitobolewa, kwisha habari."

"Nimekupata, Mkuu."

Ndani ya mtungi ule wa naitrojeni mlikuwa na viinitete vitatu vya binadamu, mimba changa za maabara, vimegandishwa. Viliibwa hospitalini asubuhi ile. Mnunuzi wa ng'ambo alivitaka kwa majaribio ya dawa.

Mwenye viinitete hivyo alikuwa mjane. Mumewe yuko kaburini, vingine havitapatikana. Kabla ya msako, Sindano alimkuta katika ofisi ya hospitali, mwanasheria akimweleza kwamba hiyo ni mali iliyoibwa, na mali hulipwa fidia. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Sindano.

"Kaka yangu, sheria siijui. Mungu kaniachia hao tu. Niletee wanangu."

Sindano aliitikia kwa kichwa. Hakujua aviite nini.

Prado ikaingia ghalani. Hapakuwa na mlango wa pili.

Breki. Sindano akashuka kwenye pikipiki, bastola yake ya Glock mkononi.

Mwizi akaruka nje. Zamani alikuwa fundi wa maabara, walimwita Barafu. Akafungua mlango wa nyuma, akaelekeza bastola kwenye mtungi.

"Weka Glock yako chini, bwana mkubwa. La sivyo nautoboa."

Sindano akaiweka chini, taratibu.

Barafu akacheka. "Mji mzima unanikimbiza kwa vitone? Havina macho, havina moyo. Ukivikanyaga hata hujui."

Sindano alikuwa akitazama kiti cha nyuma.

Mtungi ulikuwa umefungwa mkanda. Chini yake palikunjwa sweta, usitikisike.

"Nani kaufunga mkanda?"

"Mimi. Kwa nini?"

"Wako hukufunga."

Barafu akageuka kutazama kiti. Kicheko kikamkauka. Mtutu ukashuka kidogo.

Kidogo kilitosha.

Teke la Sindano likampata Barafu kwenye kifundo cha mkono. Bastola ikaruka, ikagonga bati. Kufumba na kufumbua alikuwa kifudifudi sakafuni, pingu mikononi.

"Nilidhani ni vitone," Sindano akamwambia.



Polisi walipomchukua, Sindano akashika usukani wa Prado. Akakagua mkanda wa nyuma. Akaukaza.

Redio ikakoroma tena. "Mbona unatambaa? Mama anasubiri."

"Kuna waliolala huku nyuma, Mkuu."

Hospitalini alimkabidhi daktari mtungi, mama akiwa pembeni, viganja usoni, akiomba. Kabla hajasema aamina, Sindano alikwisha vaa miwani yake na kutoka.