Breki za Mkunga

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi mkunga alikuwa ameshaanza kuteremka kwa baiskeli mteremko wa kinu cha unga, mkoba begani, akimwahi mzazi. Akabana breki zote mbili. Baiskeli haikumsikiliza, ilimkabidhi kwa ukuta, ikamvunja mfupa wa bega.

Saa mbili Sajini, mama mtu mzima aliyebakiza miezi michache astaafu, alichuchumaa kando ya baiskeli ile nje ya kituo. Mkononi alikuwa na lalamiko lililotiwa saini na mume wa mkunga, mshonaji: fundi baiskeli, aliyeishika juzi, ameharibu breki makusudi. Ikithibitika, kibanda kinafungwa na fundi analala ndani.

Nyaya zilikuwa nzima. Mipira ya breki, mipya. Sajini akapitisha kidole kwenye rimu ya mbele, kisha ya nyuma. Kikateleza. Mafuta mepesi, maangavu kama maji, na kipande cha uzi wa bluu kimenasa.

"Wewe unatumia mafuta gani?" akamuuliza fundi.

"Grisi nyeusi, afande. Tazama kucha hizi, mke wangu kashazikatia tamaa."

"Breki ikilia, unafanyaje?"

"Nasugua rimu kwa msasa, naweka mipira sawa. Hii ilikuwa inalia kwa upya wake tu. Nilimwambia mama avumilie siku mbili."

Saa nne Sajini alikuwa uani kwa mkunga. Mpangaji wa chumba cha pili, mpishi wa hoteli, alikuwa akipiga pasi. Jana asubuhi aliapa mbele ya watu kwamba baiskeli ile yenye makelele ataitupa shimoni.

"Breki zikilia, dawa yake nini?"

"Kuhama," alisema mpangaji. "Mimi hata kujaza upepo sijui. Na jana nililala kazini, kawaulize."

Mume alikuwa kwenye cherehani, akishona sare za bluu. Sajini akavuta kigoda.

"Baba, breki ikilia, unafanyaje?"

"Si unaitia mafuta tu, kama cherehani," akajibu bila kuinua macho. Kisha mguu wake ukaganda kwenye kanyagio.

"Mtu mwenye nia mbaya asingenijibu hivyo," alisema Sajini taratibu. "Rimu ikipata mafuta, breki haishiki. Wewe hukujua."

"Walikuwa wanamcheka, afande. Wanamwita Mkunga King'ora. Jana alirudi amenuna. Nikazipaka rimu zote mbili, nikapangusa na kitambaa. Nilitaka atoke na raha zake."

"Ukajua lini?"

"Pale ukutani. Mpita njia mmoja alizigusa rimu, akaguna: nani kapaka mafuta hapa, breki zitashikaje?"

"Kabla ya kutia saini, au baada?"

Mshonaji alikunja sare iliyokuwa mbele yake, akaikunjua.

"Kabla."

Alishtakiwa kwa taarifa ya uongo, akapewa miezi mitatu ya kufagia kituo. Fundi alifungua kibanda saa nane mchana huohuo. Suruali zake siku hizi anapeleka kwa mshonaji mwingine. Mzazi alijifungua salama mikononi mwa mama mkwe wake. Mfupa wa mkunga uliunga wiki ya saba. Hakusema na mumewe mwezi mzima, halafu wakasemezana. Mpangaji alihama. Sajini alistaafu.