Risasi Tano Alizozichagua Tabitha

Tabitha Slone alikutwa amelala chali kati ya jiko na ukuta wa chumba cha mwanawe, matundu mawili kifuani, rivolva yake ndogo bado mkononi. Ilikuwa Alhamisi, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Mchuzi wa soseji ulikuwa bado unatokota.

Aliyempiga hakukimbia. Dale Crutchfield, aliyekuwa mume wake, alikuwa amekaa kwenye ngazi za baraza akivuta sigara, bastola yake ameiweka kando, akiwasubiri polisi kama mtu anayesubiri lifti.

"Nilijitetea," alimwambia Inspekta Geneva Combs kabla hajaulizwa. "Nimekuja kuchukua koti la mwanangu. Akanitolea bastola. Akavuta triga mara tano. Kahesabu mwenyewe."

"Mahakama ilikukataza kukanyaga hapa."

"Basi nifungeni kwa hilo. Siku ngapi? Kumi?"

Geneva aliingia jikoni, akavaa glavu, akafungua gurudumu la rivolva. Risasi tano zilikuwemo, zote nzima. Kila moja ilikuwa na kovu la kinyundo katikati ya fataki, kile kisahani kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti. Tabitha alikuwa amevuta mara tano kweli, na mara tano hakuna kilicholia. Geneva alilazimika kusimama kidogo akiwa ameuma meno. Katika miaka kumi na tisa ya kazi alikuwa ameona maiti nyingi, lakini hii ilimkasirisha.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu juzi yake. Nyayo za matope za Dale zilitoka mlangoni hadi jikoni, hatua sita, zimenyooka. Geneva alirudi nje.

"Umeelekezewa bastola, nawe unaifuata?"

"Nilichanganyikiwa."

"Aliyechanganyikiwa anaruka pembeni. Wewe ulitembea kama unaenda kufungua friji."

Dale akacheka. "Mwambie wakili wangu hayo, mama."

Mwendesha mashtaka wa kaunti naye hakuwa na msaada. Makovu matano kwenye fataki tano, alisema, yanathibitisha kwamba mwanamke alikusudia kuua. Dale angeshtakiwa kwa kuvunja amri ya mahakama tu, na Jumatatu angekuwa nje. Hapo Geneva alifunga mlango wa ofisi yake kwa kishindo hadi kalenda ikaanguka.

Alasiri ile alikwenda kwenye duka la silaha la Opal Tackett. Opal alikuwa na miaka sabini na moja, na ulimi uliowafukuza wateja wengi kuliko bei zake.

"Wanaume wanaingia hapa wanataka risasi yenye jina la kutisha," alisema Opal. "Boksi jeusi, fuvu la kichwa, wameridhika. Tabitha alikuja mara nne na daftari."

"Alitaka kujua nini?"

"Kila kitu. Rivolva yake ina mtutu wa inchi mbili. Kwenye mtutu mfupi namna hiyo risasi haipati mbio. Zile zenye tundu kichwani zinatakiwa zifunguke zikimwingia mtu. Ukizipiga kwa mtutu mfupi, nyingi tundu lake linazibwa na nguo tu, hazifunguki, zinapita hivyo hivyo na kutokea nyuma. Akaniuliza, zikipita zitaishia wapi? Nikamwuliza, nyuma ya ukuta kuna nini? Akasema, kitanda cha mwanangu Josie."

Opal akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Kwa hiyo alitaka ipenye koti la baridi lakini isifike kwa mtoto. Na isiwe kali mno, maana kifundo chake cha mkono Dale alishakivunja mara moja. Tulihangaika, dada! Mwishoni akachagua hizi, laini, zimetengenezwa kwa mitutu mifupi. Boksi moja, risasi ishirini. Kumi alizipiga hapo uwanjani nyuma. Zote kumi zililia, na zote kumi ziliingia kwenye sahani ya shabaha."

Kwenye droo ya Tabitha boksi lilikuwa na risasi tano. Geneva akatoa picha ya zile tano za kwenye rivolva, zimepigwa kwa karibu.

Opal aliitazama kwa kioo cha kukuzia. "Hizi si zangu. Kichwa kimefananishwa, lakini ganda limeshatumika, likasuguliwa likajazwa upya. Mtu amezijaza gereji kwake."

"Nani?"

"Nusu ya wanaume wa kaunti hii wanajaza risasi zao wenyewe. Ila bastola ya Tabitha hakuigusa mtu mwingine zaidi ya kaka yake. Rodney ndiye aliyekuwa akimsafishia."

Ijumaa maabara ilipiga simu. Ndani ya maganda yale matano hamkuwa na chembe ya baruti. Fataki zake zilikuwa zimeshalia zamani. Kovu la kwanza lilikuwa limegongwa kutokea ndani likawa bapa, ndipo likaja kovu jipya juu yake.

Geneva alikata simu akatukana, peke yake, kwa sauti. Josie, mwenye miaka tisa, alikuwa amepelekwa kwa mjomba wake Rodney jana yake, baada ya mauaji. Siku hiyo hiyo alimwondoa mtoto na kumpeleka kwa Opal, kisha akaenda kuomba hati ya upekuzi.

Jumamosi asubuhi aliingia gereji kwa Rodney Slone na askari wawili. Rodney alikuwa mtu mpole, shemasi wa kanisa, mikono safi. Juu ya meza yake vitu vyote vilipangwa: mashine ya kujazia, mizani ya baruti, maganda yamesuguliwa yanang'aa.

"Karibu, Inspekta. Kahawa?"

"Sitaki kahawa yako." Geneva akaweka kinasa sauti mezani. "Ulimwekea dada yako risasi zisizolia."

Rodney alikaa chini polepole. "Zilikuwa za mazoezi. Za kuzoeza kidole. Nilisahau kuzitoa. Mungu anisamehe."

"Za mazoezi unazo?"

"Kwenye kopo lile jekundu."

Geneva akalimwaga. Risasi kama thelathini zikatawanyika mezani, kila moja imetobolewa tundu ubavuni, kama afanyavyo kila mjazaji mwenye akili, ili mtu asizichanganye na nzima.

"Hizi zote umezitoboa. Zake hukuzitoboa. Kwa nini?"

Rodney akaanza kuziokota moja moja, akizirudisha koponi.

Askari mmoja akaita kutoka kwenye rafu. Ndani ya chupa ya jemu mlikuwa na risasi tano mpya, laini, za mitutu mifupi. Katika kaunti ile ya milimani hakuna mtu anayetupa risasi nzima. Mtu anaweza kumsaliti dada yake wa tumbo moja, lakini risasi nzima ataitunza.

"Alihangaika mwezi mzima kuzichagua," alisema Geneva. "Aliwaza ukuta, koti, kifundo chake. Wewe ukazitia kwenye chupa."

"Angemwua Dale!" Rodney alipaza sauti. "Mnajifanya hamjui? Dale nimesoma naye tangu darasa la pili. Tunawinda pamoja kila Novemba. Ni ndugu yangu. Ndoa yao ilihitaji mazungumzo tu, na Tabitha hakutaka kuzungumza, anatembea na kale kabastola kama polisi. Ananiaibisha kanisani."

"Dale alijua?"

"Alijua nini?"

"Nyayo zake zimenyooka, Rodney. Na rekodi za simu zinaonyesha Jumatano jioni mliongea dakika kumi na mbili. Alijua?"

Rodney alifunika uso kwa mikono yake safi. "Alinipigia, akasema anataka kwenda kuzungumza naye, ila anaogopa bastola. Nikamwambia aende. Nikamwambia haina kitu."

"Rudia."

"Nilimwambia bastola haina kitu. Nilitaka asiogope, wazungumze kistaarabu."

Hapo ndipo kujitetea kwa Dale kulipokufa. Mtu hawezi kujihami dhidi ya bastola anayojua kwamba imekufa. Geneva aliangalia taa nyekundu ya kinasa sauti ikiwaka, lakini hakufurahi hata kidogo.

"Dale aliogopa, ukamtoa hofu," alisema. "Dada yako aliogopa miaka mitatu. Yeye ulimfanyia nini?"

Rodney aliponyanyuliwa na kufungwa pingu, ndipo alipoanza kulia.

"Inspekta, nakuomba. Josie asijue."

"Josie hakwenda shule Alhamisi," alisema Geneva. "Alikuwa kitandani, nyuma ya ukuta, ana homa. Jana aliniuliza kwa nini bastola ya mama ilikuwa inagonga tu. Nilimwambia sijui. Leo jioni nitakwenda kumjibu."