Kulia kwa Nani?

Magoti ya mama mkwe wangu yaligoma. Chumba chake kilikuwa juu, bafu chini uani. Alishuka ngazi akiuma midomo, nami roho ikiniuma.

"Nitamjengea mama kibanda cha mbao hapa uani, karibu na bafu," alisema mume wangu. Ni seremala, na randa yake anaipenda kuliko usingizi.

Mdogo wangu ni mchoraji. Alikichora kibanda kwenye kompyuta, kipande kwa kipande, akakizungusha tukakiona pande zote.

"Dirisha limebana, shemeji. Nalisogeza." Akabonyeza, likasogea.

"Loo! Bila kuharibu hata ubao mmoja?" mume wangu akashangaa.

"Ndiyo faida yake. Makosa tunayafuta hapa kabla msumeno haujagusa mbao."

Mume wangu akachonga kuta karakanani. Mwisho wa kila ubao alichonga ulimi, na kwenye nguzo akatoboa tundu. Ulimi unaingia tunduni, kisha unafungwa kwa kigingi cha mti. Msumari hakuna. Kuta zililetwa asubuhi zikiwa tayari, na kufikia mchana zilikuwa zimesimama. Jamani, zilipendeza!

Kabla ya kupandisha paa, nikazunguka. Mungu wangu! Mlango ulitazama mtaro wa maji machafu, si bafu. Na mama mkwe alikuwa njiani akitoka kwa wifi yangu.

"Shemeji, niliandika mlango ukuta wa kulia!" mdogo wangu akamwambia mume wangu.

"Si ndio huu?"

"Kulia kwa nani? Nilichora nikitazama kutoka barabarani!"

"Nami nimejenga nikiwa huku nyuma!"

"Basi leo ni kulia tu," nikasema, na machozi yalikuwa karibu kweli.

Mume wangu akacheka. "Ingekuwa misumari, tungelia. Hizi ni ndimi, mke wangu." Akagonga vigingi kwa nyundo ya mti, vikatoka vizima. Kuta zile mbili zililingana, tukazibadilisha mahali. Hakuna ubao uliopasuka. Huyo ndiye mume wangu!

Mdogo wangu akafuta "kulia" na "kushoto" kwenye mchoro. Akaandika "ukuta wa bafu" na "ukuta wa mtaro".

"Bafu halihami, shemeji," akasema.

Mama mkwe alipofika tulimsimulia, akacheka hadi akashika mbavu. Kisha akaenda bafuni peke yake, polepole, bila ngazi. Alirudi akijifuta macho.

"Mama, mbona sasa unalia?" nikamuuliza.

"Niacheni," akasema. "Kulia huku ni kwangu."