Kondo la Nyuma Kwenye Mti wa Mpakani

Lilikuwa likining'inia kwenye mti wa miiba, mpakani mwa mashamba mawili katika kaunti ya Monaghan: kondo la nyuma la ng'ombe, limekauka nusu. Nusu ya pili ilikuwa imevutwa na kulambwa.

Siku tatu kabla, ng'ombe sitini na wawili wa Con Cassidy walichinjwa kwa amri ya sheria. Bruselosisi, ugonjwa wa kutupa mimba. Akishikwa mmoja, wanaondoka wote. Waliotunga sheria hiyo hawajawahi kukamua.

"Nimerogwa, afande," Cassidy alisema. "Huku mtu akikuchukia, anakufichia uozo shambani. Na jirani ninaye mmoja tu."

Jirani huyo, Packie Gormley, alikuwa mgane wa miaka sabini. Inspekta Malachy Treanor alimkuta jikoni, chai imepoa mbele yake.

"Ng'ombe wako wametupa mimba mwaka huu?"

"Hapana."

"Maabara imepima damu yao. Watatu wanao ugonjwa, tena wa siku nyingi. Na lile kondo limefungwa kwa kamba. Mbwa hafungi kamba, mzee."

"Wa Cassidy anafunga. Kasoma kunishinda."

Treanor hakucheka. "Kumroga jirani kwa uozo wenye ugonjwa ni jela."

Packie alisukuma kikombe, chai ikamwagika.

"Nimroge Con? Con aliyebeba jeneza la Rosaleen wangu, bega la mbele?"

"Basi ulilitundika la nini?"

"Bahati. Mimba ikitoka, baba alitundika kondo pale, zilizobaki zishike. Nami nikatundika. Sikuwaza kwamba ng'ombe wa Con wanalifikia."

"Sheria inasema uripoti siku hiyo hiyo."

"Nilipiga ofisi ya mifugo. Simu ikalia hadi ikakatika. Kesho yake nikapiga tena, mama mmoja akaniambia nije kuchukua fomu. Nikakata. Nijaze fomu ili wachukue wote kumi na wanane? Rosaleen ndiye aliyewapa majina. Nikiwaita jioni, nyumba hii inakuwa na watu wawili."

Treanor alifungua daftari lake. Aliandika kosa moja tu: kuficha mimba iliyotoka. Ofisi isiyopokea simu haikuandikwa popote.

Packie alitia sahihi, akatoka hadi langoni. Cassidy alikuwa amesimama pale tangu gari la polisi lifike.

"Con, ni mimi niliyelitundika. Sikukuroga. Niliogopa kusema."

Cassidy alitazama malisho yake matupu.

"Ungepiga kelele tu, Packie," alisema. "Ningekuja na sepetu, tukalizika kondo hilo."