Kijicho cha Buluu Upande wa Milozi

Kahawa ilianza kunuka moshi. Chayo alisugua birika, akabadilisha maji, wapi! Mumewe Fidencio aliinywa hivyo hivyo, na mwanamume asiyelalamikia kahawa mbaya ana lake jambo.

Alikuwa nalo. Yeye na rafiki yake Rutilio walikuwa zimamoto wa kujitolea, na Fidencio ndiye aliyebandika vijicho vya buluu barabarani, vile vibati vidogo vinavyong'aa vikimulikwa. Kijicho hukaa kando ya mstari wa kati, upande lilipo bomba la zimamoto, ili usiku au ukunguni kiwaonyeshe zimamoto pa kugeukia. Mbele ya nyumba ya Doña Herminia, mama yake Rutilio, upande wa bomba ulikuwa umelowa maji ya shambani, na gundi haishiki penye maji. Akakibandika upande mkavu, wa milozi, miti ya lozi. Nitakihamisha kesho, alijiambia. Uvivu tu.

Nyumba ikashika moto siku ya ukungu. Rutilio alifuata kijicho, akatambaa milozini akipapasa, bomba likiwa nyuma yake kichakani, mama yake akiteketea.

"Mimi ndiye niliyemuua, kaka," Rutilio alikuwa akimwambia Fidencio kila siku.

Fidencio alimpigapiga begani, na aibu ikamla.

Kisha zikaja nyayo nyumbani kwa Fidencio, mchana kweupe, ukungu ukiwa dirishani, nyayo peku zilizolowa, zikipita ukumbini na harufu ya nywele zilizoungua, zikifungua kabati baada ya kabati, zikisimama nyuma ya kiti chake, na sauti kavu ya kizee ikimnong'oneza sikioni, "Maji yako wapi, mwanangu?"

Chayo alimburuta kwa mganga, Doña Tomasa, aliyempitishia yai mwilini, akalipasua kwenye glasi. Kiini kilikuwa cheusi.

"Marehemu anatafuta maji ulikomwelekeza," alinong'ona. "Mwambie mwanawe ukweli, atapumzika."

"Rutilio atanichukia, Doña."

"Si haki yake?"

Fidencio alichukua mtaimbo, akang'oa kijicho, akakibandika panapostahili. Hakumwambia mtu. Siku ya pili kahawa ilinukia kahawa. Alilala fofofo, akaona haya kwa kulala.

Rutilio alimkuta kituoni, macho mekundu.

"Kaka, mama yuko kwangu tangu jana. Anafungua makabati. Ananiuliza maji nimeyaficha wapi. Nimjibu nini?"

Fidencio alifungua mdomo.

"Mwombe msamaha," akasema.